Dawa ya Kikombe Kimoja

Mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na tisa, ng'ombe walianza kufa kwa ukame na Parmuat akaanza kukohoa. Tulishughulikia ng'ombe kwanza. Ng'ombe akilala chini unamwona, lakini kikohozi, wakati wa vumbi, kila mtu anacho. Ya kabla ya mwaka huo sitayaandika. Anayetaka kujua nilizaliwa na nani na baba alikuwa na ng'ombe wangapi, aulize wazee wa Kajiado, kama amebaki mzee wa kuulizwa. Mimi naandika mwaka huo mmoja tu, kwa sababu majuzi tulimzika Sankale, na tuliokunywa kwa kile kikombe tulikuwa watatu, na sasa nimebaki mmoja.

Parmuat, Sankale na mimi tulikuwa rika moja. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukaitwa moran, vijana walinzi wa Kimaasai, siku moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona mmoja wetu akila peke yake. Vijana wa siku hizi wanakula chipsi wakitembea barabarani, mkono mmoja kwa simu, hawamwangalii mtu. Kwetu moran kula peke yake ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba. Hata kama uko na njaa ya kukupofusha, unaingia nyumbani kwa mama yako mwenyewe, maziwa yako hapo kwa kibuyu, na unageuka unatoka mpaka umpate mwenzako. Mama hakuulizi. Anajua. Nyama nayo, ikishatazamwa na mwanamke aliyeolewa, moran haigusi tena. Nimesikia wasomi wakisema mila hii ilikuwa ya kufundisha umoja. Mimi sijui ilikuwa ya kufundisha nini. Najua tu koo lenyewe lilikuwa linafunga. Ukijaribu kumeza na hakuna mwenzako, chakula hakishuki.

Parmuat ndiye alikuwa mrefu na mwenye maneno. Sankale alikuwa wa kucheka kwa kila neno la Parmuat, na mimi nilikuwa wa kununa. Basi kikohozi kilipofika mahali Parmuat anatema kitu chekundu kwa mchanga na kukifunika na mguu haraka, ni mimi nilisema twende Kajiado. Yeye alisema, "Unataka nionekane mgonjwa mbele ya wasichana wa soko?" Nikamwambia, "Wasichana wameshakuona. Wanasema umekonda kama fimbo ya babu." Sankale akacheka mpaka akakaa chini. Tukaenda.

Wakati huo kulikuwa na watu wa utafiti Kajiado. Walikuwa wamekodi nyumba ya mabati karibu na reli, ikapakwa rangi nyeupe, ndani inanuka sabuni ya kuoshea sakafu na mafuta ya stovu. Kulikuwa na Daktari Wafula, mtu wa magharibi ya Kenya, mpole, wa kuombea hata chai kabla ya kunywa. Kulikuwa na Sista Wanjiru, nesi, mwanamke wa mkoa wa Central mwenye sauti ya kuita watu wakiwa ng'ambo ya mto. Na kulikuwa na karani, kijana wa Kimaasai aliyesoma kidogo, ndiye alikuwa anatutafsiria, na alikuwa anavaa tai hata siku za joto. Sisi watatu Kiswahili chetu kilikuwa cha kununua sukari na chumvi. Ukitutoa dukani tulikuwa mabubu.

Daktari alieleza pole pole, na karani akageuza kwa Maa, lugha yetu, haraka haraka kama mtu anayefukuza kuku. Parmuat ana ugonjwa wa kifua, TB. Kuna dawa ya zamani, ya sindano, inachukua muda mrefu sana, na watu wanachoka wanaiacha. Kuna dawa mpya, ya vidonge vyekundu, pengine inaweza kumaliza ugonjwa kwa muda mfupi zaidi. Wanataka kujua ipi inashinda. Hakuna anayechagua, ni bahasha inachagua. Bahasha ya Parmuat ikasema vidonge vyekundu. Akapewa hivyo vyekundu na vingine vyeupe vya kwenda navyo nyumbani, akaambiwa ameze kila asubuhi, kabla ya kula, na arudi wampime. Akauliza swali moja tu: "Na hawa?" Akatuonyesha sisi. Karani hakulitafsiri. Alisema, "Hawa si wagonjwa," akafungua mlango.

Nimelifikiria swali hilo miaka yote hii. Kama lingefika kwa daktari, pengine angeliuliza lina maana gani. Maana yake ilikuwa: nitamezaje hivi vitu na hawa wako hapo?

Basi asubuhi ya kwanza tulikaa nyuma ya boma, jua halijatoka vizuri. Parmuat alikuwa na kikombe cha bati chenye alama ya kutu kwa mdomo. Akashika kile kidonge chekundu, akakigeuza, akagundua kinafunguka katikati kama ganda. Ndani ni unga. Akamwaga unga wote kwa kikombe, akatia maziwa kidogo yaliyokuwepo, akakoroga na kijiti. Vile vyeupe akavisaga kwa jiwe, navyo vikaingia. Maziwa yakawa rangi ya udongo wa Kajiado mvua ikinyesha. Akanywa, akampa Sankale. Sankale akanywa, akanipa mimi. Ilikuwa chungu. Sankale alikunja uso akasema, "Huu ugonjwa wako uko na ladha mbaya." Parmuat akamjibu, "Kunywa, mwanamke wewe." Hivyo ndivyo tulivyofanya kila asubuhi. Hakuna aliyesema tufanye hivyo na hakuna aliyesema tusifanye. Katika ukame ule, maziwa yenyewe yalikuwa funda tatu, na funda tatu za watu watatu ni haki.

Kichekesho kilikuwa mkojo. Ile dawa inageuza mkojo uwe mwekundu. Sista alikuwa amemwambia Parmuat asiogope, na kila akirudi kwao alikuwa anapewa kichupa aende nyuma ya nyumba. Sista akishakishika kwa mwanga wa dirisha na kuona rangi, anasema, "Vizuri sana, huyu anameza dawa yake." Ndivyo walivyokuwa wanahakikisha. Na hakuwa anadanganya, alikuwa anameza. Huko nyumbani sisi watatu tulikuwa tunasimama mstari mmoja kando ya ua wa miiba, tunapimana nani mwekundu zaidi. Parmuat alisema sasa sisi ni ndugu juu na chini. Tulicheka kama watoto. Na kweli alianza kunenepa kidogo, homa ikapungua, akaimba tena. Huo mwezi, au miezi, ndio ninaouota mpaka leo. Ng'ombe wanakufa, hatuna kitu, na sisi tunacheka kando ya ua.

Aliyetukamata ni baba yake Parmuat, mzee Leshao, na hakuwa na nia ya kutukamata. Alitoka asubuhi moja akatukuta hapo kwenye ua, akaona. Alichukua fimbo yake na blanketi akatembea mpaka Kajiado, na sisi nyuma yake, tunamwita, hageuki. Aliingia nyumba ya mradi bila kubisha. Daktari alikuwa anakunywa chai. Mzee akasimama katikati, akaongea Maa, na karani akatafsiri huku anatabasamu, kwa sababu aliona ni maneno ya mzee mshamba.

"Anasema mlitoa dawa ya mtoto mmoja. Anauliza mbona watoto watatu wanakojoa damu."

Sista Wanjiru alianza kucheka. "Mwambie mzee si damu, ni rangi ya dawa tu."

Lakini daktari aliweka kikombe chini. "Watatu?" akasema. "Muulize tena. Watatu gani?"

Mzee akatuonyesha na fimbo, mmoja mmoja. Kicheko cha sista kikafa hapo hapo. Karani naye akaacha kutabasamu. Daktari akamgeukia Parmuat, akamuuliza kupitia karani, kwa upole, kama unavyomuuliza mtu aliyefiwa, "Kijana, uliwagawia wenzako dawa?"

Parmuat alishangaa swali. "Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Walikuwa hapo."

Hilo ndilo jibu lake lote, na mpaka leo sijasikia jibu la kweli kulishinda. Daktari alijaribu kumweleza. Alisema yule mdudu wa kifua ni kama simba aliyeingia boma. Ukimpiga na nguvu yako yote, anakufa. Ukimpiga theluthi ya nguvu, anaamka, na siku akirudi anaijua rungu yako, haiogopi tena. Nilielewa. Moran yeyote angeelewa. Parmuat naye alielewa, nilimwona akiangalia mikono yake. Basi wakampima makohozi upya, na majibu yalipokuja, rungu nyekundu ilikuwa haifanyi kazi tena. Homa ilikuwa imesharudi, alikuwa anatuficha. Wakamtoa kwa utafiti, wakasema atarudi kwa dawa ya zamani, sindano na vidonge vingine, na safari hii hatameza mbele ya rafiki. Atalala hapo hapo, chumba cha mwisho, chake peke yake, ameze mbele ya sista. Sisi tukaambiwa tusiingie tena, ili tusimharibie na ili asituambukize.

Simlaumu daktari. Nataka hilo liandikwe. Alikuwa na chumba, dawa na mgonjwa, akafanya hesabu ya mtu aliyesoma. Hakuna aliyekuwa amemwambia sehemu ile nyingine ya hesabu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na dirisha dogo upande wa reli, la wavu. Mimi na Sankale tulikuwa tunakaa nje yake mchana, kwa kivuli cha tangi la maji. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu, na Parmuat. Sista alikuwa anampelekea chakula kizuri. Wakati watu wa Kajiado walikuwa wanachemsha mahindi ya msaada, yeye aliletewa ugali na maharagwe, siku nyingine nyama. Alikuwa anaitazama nyama iliyopikwa na mwanamke na kuletwa na mwanamke, halafu anaisukuma. Kuhusu maharagwe, nilimwona siku moja kwa haya macho yangu. Alikaa chini, mgongo kwa ukuta, sahani mbele yake. Akamega tonge, akalishika. Halafu akaisukuma sahani kidogo upande wa mlango, mahali mwenzake angekaa, akangoja. Alingoja na tonge mkononi mpaka likakauka.

"Kula, kijana," sista alikuwa anasema. "Ukila utapona. Ukipona utarudi kwa hao wahuni wako." Hakuwa mama mbaya. Nikiwa pale dirishani nilimsikia, yeye yuko kwa ukorido, akimwambia daktari, "Anameza dawa na tumbo tupu, inarudi yote. Nikimlisha anafunga mdomo. Sijui anatuadhibu kwa nini." Na daktari akajibu, "Pengine ni huzuni. Tumwombee." Yale maneno nilielewa nusu siku hiyo, na nusu nyingine nilielewa miaka baadaye, nilipokuwa nimejifunza Kiswahili cha kutosha. Nilikuwa kwa lori la mbuzi nikitoka Kiserian, na maneno yakanirudia yamekamilika. Nilisimamisha lori. Dereva alidhani naumwa.

Mimi nilijua dawa ya lile jambo. Haikuhitaji kusoma. Niingie, nikae mbele yake, nile tonge la kwanza, ale la pili. Vidonge ni vyake, chakula ni chetu. Sista asimame hapo na kiboko, nikigusa kidonge anipige. Nilitafuta maneno siku nzima, nikayapanga, halafu nikaenda kwa karani, mlangoni. Ningeweza kusema kwa Maa, lakini nilitaka daktari aliyekuwa ndani anisikie mwenyewe. Nikasema kwa Kiswahili changu cha dukani, "Mimi nataka kula na yeye."

Karani aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. Shuka yangu ilikuwa imechakaa, na mbavu zangu ungezihesabu. Nje ya ile nyumba siku hizo kulikuwa na watu wakiomba chakula kila asubuhi. Akageuka ndani akasema kwa sauti, "Daktari, hata hawa moran njaa imewashinda. Huyu anataka chakula cha mgonjwa." Halafu akatoa nusu mkate kwa droo yake, akaninyooshea. Hakufanya kwa ubaya. Pengine hicho kilikuwa chakula chake cha mchana.

Nilikuwa na maneno ya Maa ya kumjibu, ya kutosha kujaza nyumba. Nilikuwa na daktari hatua chache kutoka hapo, aliyekuwa amenyanyua kichwa na kunitazama kwa huruma. Lakini moran ameitwa mwombaji mbele ya watu, na mkate uko hewani. Niligeuka nikaondoka. Sikumwambia Sankale kilichotokea. Nilipita kwa dirisha, Parmuat akaniona, akasema, "Umekuja?" Nikamwambia, "Naenda Kitengela kutafuta kazi. Nikipata pesa nitarudi nikutoe." Akasema, "Nenda na Sankale. Usile peke yako huko." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na alikuwa anatabasamu.

Nilienda peke yangu. Kitengela ya wakati huo ilikuwa kichinjio, maduka machache na upepo. Nilipata kazi ya kuosha matumbo ya ng'ombe, kazi ambayo hakuna Mmaasai angeifanya, na niliifanya kwa hasira. Niliapa hakuna mtu ataninyooshea mkate tena. Watu husema nimejijenga kwa bidii. Ni kweli, lakini bidii ilitoka pale mlangoni. Kiburi hicho hicho kilichonitajirisha ndicho kilinitoa kwa lile dirisha, na sijui mtu anakitenganisha vipi, achukue kimoja aache kingine. Mvua ilipoanza, Sankale alikuja kichinjioni. Alisimama kwa lango na kile kikombe cha bati mkononi, na sikuhitaji kuuliza.

Miaka ikapita. Watu wa soko wamezoea kuniita mzee wa mwili wa chuma. Nimejisifu sana, siwezi kukataa. Kila mtu akikohoa mbele yangu nilikuwa namwambia mimi nililala ngozi moja na mgonjwa wa TB, nikanywa kikombe kimoja naye, na ugonjwa ukaniogopa. Sankale naye alijisifu hivyo hivyo, na haukuwa ugonjwa wa kifua uliomchukua, ilikuwa sukari.

Siku ya mazishi yake, binti yake Naserian alikuja kwangu, akainamisha kichwa nikakigusa, kama inavyomstahili mtoto wa mwanarika wangu, ingawa yeye ni daktari mkubwa wa utafiti. Nikamsalimia kwa Maa, "Takwenya." Akajibu, "Iko." Halafu akaniambia anachunguza damu. Kuna watu wanaoishi na mgonjwa wa TB nyumba moja na hawaugui kamwe, na wanasayansi wanataka kujua kinga ya miili yao ikoje. Baba yake alikuwa ameahidi kutoa damu, akaondoka kabla. "Umebaki wewe, papa," akasema, akiniita baba. Nikamwambia atapata damu ya chuma.

Ofisi yake iko hapa Kitengela, ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji na mabati. Chumba ni kisafi, kuna meza, friji inayonguruma, dirisha linaloonyesha ploti zilizokuwa mbuga. Alinifunga mpira kwa mkono, akatoa damu, huku ananiuliza maswali. Mlilala wapi? Muda gani? Mlikunywa dawa yoyote wakati huo? Nikacheka, nikamsimulia habari ya kikombe na mkojo, vile baba yake alikuwa anakunja uso. Nilidhani atacheka. Aliacha kuandika.

"Vidonge vyekundu, papa? Kila asubuhi? Wote watatu?"

"Wote watatu. Tuliwaharibia hesabu yao yote."

Aliweka kalamu chini. Halafu akasema, pole pole, kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala, "Siku hizi tukimpata mgonjwa, wale anaoishi nao tunawapa dawa pia, hata kama hawaumwi. Ni kuwakinga, ule mdudu usije ukaamka ndani yao baadaye. Moja ya dawa tunazotumia ni hiyo hiyo."

"Unasema nini?"

"Nasema inawezekana si mwili wako uliomshinda mdudu. Inawezekana ni kile kikombe."

"Inawezekana, ama ndiyo?"

"Sijui. Mlikunywa kidogo kidogo. Pengine ilisaidia, pengine haikusaidia. Hata hii damu inaweza isinijibu, imepita miaka mingi."

Basi hapo ndipo nilipo. Nimetembea na kifua mbele maisha yangu yote, nikijua kitu kimoja sikumwomba mtu ni uzima wangu. Sasa mtoto wa Sankale ananiambia pengine nilipewa uzima huo kwa kikombe cha bati, na aliyenipa alijipunguzia wake. Na nilipotakiwa kula tonge moja mbele yake, nilishindwa na nusu mkate. Daktari alikosea kwa kutojua, na karani vivyo hivyo. Mimi nilijua.

Naserian aliniletea chai na mandazi, kwa sababu nilikuwa nimekuja bila kula. Akaviweka mbele yangu, akarudi kwa karatasi zake. Chai ilitoa mvuke, ikaacha. Alipoinua macho, aliona sijagusa. Hakuniuliza kitu. Alichukua kikombe kingine, akamimina nusu yangu, akaburuta kiti, akala andazi moja mbele yangu, na mimi nikala. Alikuwa mtoto wa Sankale kweli.

Watoto wangu wanataka nimalize kwa kuandika nilicho nacho, ili wajukuu wajue kwamba mtu asiyesoma anaweza. Niko na ploti tatu Kitengela, mbili zimejengwa vyumba vya kupangisha, moja iko wazi. Niko na bucha mbili, moja hapa na moja Kiserian. Niko na lori moja, si jipya. Niko na shamba lenye hati kule Kajiado, na ng'ombe, na mbuzi ambao siwahesabu mbele ya watu. Niko na kisima. Niko na kikombe cha bati chenye kutu kwa mdomo, alichoniachia Sankale. Na niko na mapafu mawili mazima, ila hayo msiyaweke pamoja na mali niliyojitafutia.